Video ya Bibi Azema Akicheza

TANGAZO RASMI. Kwa mamlaka makuu niliyokabidhiwa, mimi, Onezime Doucet, mwenye umri wa miaka kumi na sita na busara ya waziri mstaafu, nawatangazia wasomaji wote wa safu hii, wa mjini na wa mashambani, walio macho na wanaosinzia, kwamba tangu Jumatatu nimeteuliwa kuwa Msaidizi Maalumu wa Wakili Breville katika shauri la Azema Courville dhidi ya Nyumba ya Wazee ya Mwaloni.

Kazi yangu ni kusukuma kiti cha magurudumu.

Zamani nilikuwa pia naleta kahawa. Cheo hicho nilivuliwa Jumatatu hiyo hiyo, baada ya kikombe kimoja kumalizikia kwenye suruali ya Wakili.

Kwa waliokosa magazeti yaliyopita: niko nyumbani kwa likizo ya shule ya bweni, na Bibi Azema ndiye mama mzazi wa mama yangu. Baada ya Krismasi alipasuliwa nyonga, akapelekwa Mwaloni akae wiki chache apate nguvu. Aliingia mle akitembea na fremu yake na kuwatukana wauguzi kwa Kifaransa. Alitoka kabla ya Pasaka kwa gari la wagonjwa, mgongoni ana kidonda kilichofika mfupani, kwa sababu alilazwa mkao mmoja na hakuna aliyemgeuza. Mama alikuwa akimtembelea Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili alimkuta Bibi amepakwa poda, shuka mpya, nywele zimechanwa. Jumatatu hadi Jumamosi ilikuwa hadithi nyingine, ila hatukuijua.

Tulipoijua, tukamwita Wakili Breville, yule wa mabango ya barabara kuu. Bango lake linasema UMEUMIA? BREVILLE ATAWAUMIZA, na yeye amekunja ngumi kama anataka kumpiga dereva.

Na wiki iliyopita niliishia pale Clovis Hulin alipobisha mlango wetu, sufuria ya gumbo, mchuzi mzito wa kwetu wa kuliwa na wali, mikononi na machozi mashavuni.

Clovis ndiye mkurugenzi wa Mwaloni. Ndiye pia baba yangu wa ubatizo. Padri aliponimwagia maji, kichwa changu kilikuwa kimelala kwenye kiganja cha mtu huyo. Nahisi kichwa hiki mpaka leo kina harufu ya kiganja kile.

"Rosella," alimwambia Mama, bado yuko mlangoni, "mimi si adui yako. Mawakili ni wa kampuni. Mimi nimekuja kama mtu wa nyumbani."

"Mtu wa nyumbani alikuwa wapi mama yangu alipokuwa anaoza?"

"Silali, Rosella. Nakuapia, silali."

Mama ni mkali, lakini ana udhaifu mmoja: akimwona mwanamume analia, anamtafutia kiti. Akamtafutia. Akapakua wali. Tukala gumbo ya adui, na kusema kweli ilikuwa tamu. Nilikula bakuli mbili, soseji zake nikazitafuta chini kwa kijiko kama mchimba dhahabu.

Clovis akainua macho ukutani.

"Ah! Vazi la Mama Azema. Bado lipo?"

Lilikuwa vazi lake la Mardi Gras, sikukuu ya vinyago ya kabla ya Kwaresima, linaning'inia kwenye msumari karibu na jokofu: matambara ya njano na zambarau yaliyoshonwa kwenye suruali na koti, kofia ndefu iliyochongoka yenye manyoya ya mkia wa jogoo, na kinyago cha waya wa dirishani kilichochorwa masharubu. Mama alikuwa amelitundika chumbani kwa Bibi kule Mwaloni limchangamshe, na Bibi alipotoka akalirudisha nyumbani.

"Litakwenda wapi?" akasema Mama.

"Na hakuna mwingine anayelivaa?"

"Wewe Clovis, umezaliwa hapa Anse Perdrix au umeokotwa? Vazi hili ni la Mama. Tangu nipate akili sijaona mwili mwingine ndani yake."

"Kwa hiyo ukiliona linacheza..."

"Ni yeye tu," akasema Mama kwa fahari. "Ni yeye, hakuna mwingine."

Clovis akafuta machozi, akashukuru kwa wali, akachukua simu yake iliyokuwa imelala kifudifudi kando ya bakuli, akaondoka. Sufuria alituachia. Ndilo tendo la mwisho la ukarimu alilotufanyia.

Jumatano tukaenda ofisini kwa Wakili Breville, Bibi akahojiwe chini ya kiapo. Hapo si mahakamani. Ni meza ndefu tu, mwanamke mmoja anapiga chapa kila neno, wakili wa upande wa pili anauliza, na unachokisema kinakungoja mbele ya safari. Baadaye, yakiharibika, jaji anaweza kusema hakuna kesi hapa, rudini mkalale. Yakienda vizuri, mnafika mbele ya baraza la raia kumi na wawili wa kuamua kesi, na Breville anakunja ngumi yake kwa kazi halisi.

Nikamsukuma Bibi ndani. Anakalia mto wa hewa, na bado hukaa kwa upande, kama mtu aliyealikwa kwenye kiti cha mwenzake. Na nani tunamkuta ng'ambo ya meza, tai shingoni, nywele zimepakwa mafuta?

"Clovis?" Mama akasimama palepale. "Si ulikuja kama mtu wa nyumbani?"

"Leo nimekuja kikazi, Rosella."

Alisema hivyo huku akiitazama meza. Mimi hakunitazama kabisa.

Karibu naye alikaa wakili wa Mwaloni, Bi Whitcomb, mwanamke mwembamba wa kutoka mji mkuu. Sauti yake ilikuwa laini mno. Mwalimu wetu wa bweni huwa na sauti hiyo kabla ya kukuuliza ulikuwa wapi jana.

Bibi akaapa. Bi Whitcomb akaanza.

"Mama Courville, una umri gani?"

"Niulize kitu cha heshima."

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu, mama."

"Kumbukumbu yako au yangu? Yangu ni nzima. Sabini na tisa. Andika, binti, andika, usiniogope."

Mwanamke wa kupiga chapa akaandika. Breville akatabasamu. Mimi nikaona kesi tumeshashinda, nikaanza kuchagua rangi ya lori tutakalonunua kwa fidia.

"Wiki ya Mardi Gras," akasema Bi Whitcomb, "uliweza kutoka kitandani?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata kukaa. Nililazwa ukutani kama ubao."

"Na unasema kidonda kilianza wiki hiyo, kwa sababu ya kulazwa hivyo."

"Sisemi. Nilikisikia."

"Vizuri." Bi Whitcomb akafungua kompyuta yake na kuigeuza tuone sote. "Hii ilichukuliwa na Bwana Hulin mwenyewe, Jumanne ya Mardi Gras, kwenye korido ya Mwaloni."

Ikaanza. Kodiani, fidla, kelele. Wenye vinyago wameingia Mwaloni kama waingiavyo kila mwaka, wanapiga magoti mbele ya wazee na kuomba kuku wa karamu, ndiyo desturi. Halafu kundi linafunguka, na katikati anatokea mmoja mwenye matambara ya njano na zambarau, mkia wa jogoo kichwani, masharubu usoni. Anacheza. Anaruka. Anampokonya muuguzi ufagio na kucheza nao waltzi. Anakata kiuno kwa namna ambayo nyonga iliyopasuliwa haiwezi hata kuiota.

Hakuna mtu wa Anse Perdrix asiyelijua vazi lile. Bibi alilivaa akiwa msichana, akapanda farasi katikati ya wanaume wakati wanawake hawakuruhusiwa, akaomba kuku nyumba kwa nyumba miaka mitatu mizima. Nusu ya wanaume wale walijua. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa kuwa sheria ya siku ile ni moja: aliye ndani ya kinyago hatajwi. Hata umjue kwa kikohozi. Hata awe mumeo na amekukanyaga. Mpaka atakapokivua mwenyewe kwa mkono wake, hana jina.

"Sijawahi kuiona hii!" Breville aliruka kama aliyekalia mwiba.

"Imo katika video tulizowatumia Ijumaa, Wakili. Labda ulikuwa unapigwa picha ya bango."

"Hilo ni tambara tu! Mtu yeyote anaweza kuvaa tambara!"

"Tulidhani utasema hivyo." Bi Whitcomb akabonyeza tena. Safari hii hapakuwa na picha. Ilikuwa sauti, na nyuma yake vijiko vinagonga bakuli.

*Vazi hili ni la Mama. Ni yeye tu. Ni yeye, hakuna mwingine.*

Mama alishika ukingo wa meza.

"Clovis," akasema taratibu. "Ulikula wali wangu."

Clovis akanyoosha tai yake.

"Ulilia mezani kwangu. Nilikupa kitambaa. Clovis, yale machozi uliyatoa wapi?"

"Rosella, mimi pia nina watoto na nina bosi."

"Na huyu?" Mama akaninyooshea kidole. "Huyu si mtoto wako? Si ulimwapia mbele ya Mungu?"

"Tuendelee," akasema Bi Whitcomb. "Mama Courville, uko chini ya kiapo. Anayecheza pale ni nani?"

Bibi aliitazama ile picha iliyosimama. Kisha akageuza shingo polepole, akanitazama mimi. Halafu akairudia picha.

"Ni mimi," akasema.

Breville aliketi bila kuangalia kama kiti kipo.

"Mama!" Mama yangu akapaza sauti. "Ulikuwa huwezi hata kujigeuza!"

"Nyamaza, Rosella. Nimeulizwa mimi. Ni mimi."

Wasomaji wapendwa, hapa naomba tusimame kidogo tuvute pumzi. Mimi namjua aliyekuwa ndani ya lile vazi. Namjua sana. Tunatumia mswaki mmoja.

Ilikuwa hivi. Wakati wa Mardi Gras shule zote hufungwa, hata yetu ya bweni ya mapadri, isipokuwa kwa waliofungiwa. Mimi nilifungiwa. Niliweka jogoo ndani ya kibanda cha maungamo, Padri Mkuu akainamisha sikio apokee dhambi za mwanafunzi, akapokea kokoriko. Akaniandikia onyo la mwisho: kosa moja zaidi, kama ni kuvuka geti tu, nifungashe godoro langu. Mama alilia kwa onyo lile kuliko alivyolia kwa mazishi ya babu. Ada ya shule ile inalipwa na wafadhili wa parokia. Mama anafagia kinu cha mpunga.

Na asubuhi ya Mardi Gras, yule mwenye busara ya waziri mstaafu, yaani mimi, aliruka dirisha la jikoni. Nilisimamisha lori la wenye vinyago barabarani. Sikuwa na vazi. Wakasema kituo kinachofuata ni Mwaloni. Nikasema, ala, Mwaloni mimi najua vazi lilipo.

Basi pale mezani nilikuwa najua yote, na nilikaa kimya kama gogo.

Breville akaomba mapumziko. Tukatoka kwenye korido, akapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi, mtu wa mabango mazima.

"Mama, nisikilize. Ukisema ni wewe, kesi imekufa. Sitaifikisha popote. Watasema ulicheza Jumanne, basi kidonda ulijitafutia mwenyewe."

"Nimekusikia."

"Kama si wewe, niambie ni nani."

"Mwenye kinyago hatajwi."

"Mama, hii si Mardi Gras, hii ni sheria!"

"Yangu ina umri mkubwa kuliko yako."

Mama yangu akachuchumaa upande wa pili. "Mama, unajua nini kitatokea tukishindwa? Mimi siwezi kuacha kinu nikakuuguza mchana kutwa. Serikali inalipia Mwaloni tu, hakuna nyumba nyingine hapa karibu. Watakurudisha kulekule. Kwa Clovis. Kitanda kilekile."

Niliona mkono wa Bibi ukilikamata blanketi. Mkono ule umechinja kuku wangapi, sijawahi kuuona ukishika kitu kwa nguvu namna ile.

"Basi nitarudi," akasema. "Dirisha lake linatazama shamba. Rosella, niletee maji."

Mama akaenda kufuata maji. Breville akaenda kupiga simu akiuelekea ukuta. Tukabaki wawili.

"Bibi, kwa nini umesema vile?" nikanong'ona.

"Padri atakufukuza."

"Na wewe je?"

"Mimi shule nilishamaliza."

"Bibi, mimi..."

"Fumba mdomo wako. Watu walinificha mimi nikiwa mdogo kuliko wewe, na hawakuwa hata ndugu zangu. Mimi sijawahi kumtaja mtu. Nisianze na damu yangu."

Nikakubali. Wasomaji, ningependa kuwaambia kwamba nilibishana, kwamba nilipiga magoti, kwamba machozi yalinibubujika. Nilisema, "Haya, Bibi." Nilisema haraka sana. Nilimwona akitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza bei na kuambiwa ile aliyoitegemea.

Tukarudi ndani.

Bi Whitcomb sasa alikuwa na raha. Mtu mwenye raha huzidisha, na yeye akazidisha.

"Mama Courville, kwa kuwa umekubali kuwa ni wewe, nataka tu kumbukumbu ionyeshe ni kwa kiasi gani ulikuwa mzima. Tazama hapa unaporusha mguu hewani." Akasimamisha picha. Akaikuza. "Goti liko juu ya kiuno. Kwa mtu aliyedai hawezi kukaa." Akaikuza zaidi, mpaka skrini nzima ikawa mguu mmoja ulioruka, suruali ya matambara imepanda, kiatu, na juu ya kiatu soksi ya kijivu.

Shule ya bweni, kila nguo ina namba, la sivyo dobi anaipeleka kwa mwingine. Mama hununua soksi, huketi jioni na uzi mwekundu, hushona namba yangu kifundoni. Anashona vibaya. Saba yake ina mkia unaojikunja kama wa nguruwe. Nimemwambia mara nyingi, Mama, hiyo siyo saba. Naye hunijibu, ndiyo saba ya kwetu.

Pale kwenye skrini, kubwa kama sahani, palikuwa na arobaini na saba ya kwetu.

Sikumtazama Mama. Nilisikia tu kiti chake kikirudi nyuma.

"Onezime."

"Naam, Mama."

"Vua kiatu."

"Mama, tuko kwenye shughuli rasmi..."

"Vua kiatu."

Nikavua. Nikaweka mguu mbele ya kiti. Chumba kizima, pamoja na mwanamke wa kupiga chapa, kiliinama kuangalia kifundo cha mguu wangu.

"Ni soksi zangu!" Bibi akasema kwa sauti. "Niliziazima! Mguu wangu ulikuwa na baridi!"

"Mama Courville," Bi Whitcomb akaanza, lakini ule ulaini ulikuwa umepungua.

"Nimesema nimeziazima! Mtu haruhusiwi kuazima soksi?"

Breville alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umewaka kama bango lake usiku. "Mwapisheni kijana."

"Msimwapishe!" Bibi akasema.

"Hayumo kwenye orodha ya leo," akasema Bi Whitcomb.

"Wewe ndiye umetuonyesha mguu wake, mheshimiwa. Mama mzazi yuko hapa. Mama Rosella, unaruhusu?"

Mama hakumtazama Breville. Alikuwa ananitazama mimi, na sijui kama mtu amewahi kunitazama hivyo. Ule haukuwa mtazamo wa hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma barua, anatafuta sahihi ya aliyeiandika.

"Aape," akasema.

Nikainua mkono. Mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna. Nikaapa.

"Onezime," Breville akasema kwa upole, "nani alikuwa ndani ya vazi lile?"

"Ni mimi."

Bibi akafumba macho.

"Ulilitoa wapi?"

"Ukutani. Chumbani kwa Bibi."

"Ulipoingia humo, bibi yako alikuwa wapi?"

"Kitandani."

Breville alivuta pumzi ndefu tamu. Alimgeukia Bi Whitcomb, akamgeukia Clovis, akarudi kwangu. Kesi ilikuwa imefufuka na ilikuwa inatembea. Nilimwona Mama akianza kukaa sawa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona labda yataishia hapo: nitafukuzwa shule, nitachapwa, lakini Bibi atashinda, nami nitakuwa nimemwokoa. Kwa nusu dakika nilijiona shujaa.

"Alikuwa katika hali gani?" Breville akauliza. "Sema kila kitu. Usiogope mtu."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, mara kwa mara. Nilidhani mpaka dakika ile kwamba alikuwa ananilinda na Padri Mkuu. Hapo nikaelewa alikuwa ananilinda na swali hili.

"Alikuwa amelala upande wa ukuta," nikasema. "Shuka imelowa. Chumba kinanuka. Kengele ya kumwitia muuguzi ilikuwa imeanguka sakafuni, mkono haufiki."

Clovis akainua uso kwa mara ya kwanza siku nzima.

"Vizuri sana," akasema Breville. "Alisema nini?"

"Aliomba nimgeuze. Alisema mgongo unawaka moto. Akasema, kama huwezi, niitie mtu."

"Safi. Nawe ulipowaita wauguzi, walichukua muda gani kufika?"

Mashine ya kupiga chapa ikanyamaza. Ilikuwa inangoja.

"Sikuwaita," nikasema.

"Unasemaje?"

"Ningewaita wangeniuliza mimi ni nani na nimetoka wapi. Wangepiga simu shuleni. Na kengele sikuiokota, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na vazi. Nilimwambia, Bibi, ngoja wimbo mmoja tu, narudi nakugeuza."

"Na ulirudi," akasema Breville. Halikuwa swali. Alikuwa ananisihi.

"Nilirudi dirishani, kwa nje. Nikavua vazi, nikalirusha ndani. Nilimsikia. Alisema, 'Wewe uliye hapo, umekuja?' Lori likapiga honi. Nikakimbia."



"Na sikumwambia mtu," nikasema, maana sasa maneno yalikuwa yanatoka yenyewe kama kuku banda likifunguliwa. "Si siku ile, si wiki ile. Mama ulinipigia Jumatano ya Majivu, ukaniuliza kama naombea Bibi. Nikasema naomba. Ningesema neno moja tu ungekwenda Mwaloni jioni ileile, na hata kidonda hakikuwa na tundu bado. Sikusema."

"Tunasimama hapa," Breville akasema. "Shahidi amechoka."

"Hatusimami." Bi Whitcomb alikuwa ameshafungua kalamu yake. Ile sauti laini ilikuwa imemrudia. "Umemwapisha wewe, Wakili. Nami nina swali langu moja. Kijana, siku ile, aliyemwona Mama Courville katika hali ile, akasikia ameomba msaada, akamwacha, hakuwa mfanyakazi wa Mwaloni. Si ndivyo? Alikuwa nani?"

"Usijibu," akasema Breville.

"Mjukuu wangu, usijibu," akasema Bibi. "Mimi sina kinyongo. Usijibu."

Clovis alikuwa anajiegemeza kitini, mikono kifuani, amepona.

Mama peke yake hakunikataza. Alikuwa anautazama ule mguu wangu usio na kiatu.

Nikajibu: "Ni mimi."